Harufu ya kuungua garini: kusoma dalili katika miteremko ya Embu na Meru

Harufu ya kuungua katika gari lililo safarini hutoka kwenye mojawapo ya vyanzo vinne: vipuri vinavyosuguana kupita kiasi, majimaji yanayodondokea chuma cha moto, umeme unaopita kwenye waya usioumudu, au taka iliyonasa kwenye ekzosi. Kila chanzo kina harufu yake, na kila kimoja kina mahali pake pa kujitokeza barabarani. Ndiyo maana fundi mzuri, kabla hajafungua boneti, huuliza gari lilikuwa likifanya nini harufu ilipoanza. Lilikuwa likishuka, likipanda, au limesimama kwenye foleni? Au dereva alikuwa amewasha kitu fulani? Jibu la swali hilo humwonyesha pa kuanzia.

Katika Embu na Meru swali hilo lina uzito wa pekee. Barabara kuu inayotoka Embu kupitia Runyenjes, Chuka, Igoji na Nkubu hadi mjini Meru imeuzunguka Mlima Kenya upande wa mashariki, nayo huikata mito inayoteremka kutoka mlimani kwenda Tana, ikiwamo Thuci, Nithi na Mutonga. Kila bonde lina mteremko wa kuingilia na mlima wa kutokea. Kutoka Meru kwenda Nanyuki, gari hupanda kuelekea Timau hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Maua hupita kwenye vilima vya Nyambene. Kwa hiyo katika safari moja breki, klachi na mfumo wa kupoza injini vyote hupimwa kwa zamu, na kilichochoka hujitangaza kwa harufu kabla hakijaharibika kabisa.

Gharama ya kupuuza hitilafu katika mabonde hayo inajulikana. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia katika bonde la mto Nithi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Taarifa za awali zilitaja breki kuwa chanzo kilichoshukiwa. Si kila ajali hutanguliwa na harufu, lakini breki zinazopata moto kupita kiasi kwa kawaida hunusika kabla hazijashindwa kazi, na muda huo mfupi ndio dereva anaopewa wa kuchukua hatua.

Breki: harufu ya mteremkoni

Breki hufanya kazi kwa kugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Matatu yenye uzito wa tani tatu pamoja na abiria ikishuka mita 100 za kimo huachilia nishati ya takriban megajuli tatu, ambayo inatosha kuchemsha karibu lita tisa za maji ya kawaida. Dereva akiishikilia kwa breki peke yake, sehemu kubwa ya joto hilo huishia kwenye diski, ngoma na pedi za magurudumu manne. Lori la tani 26 likipita mahali hapo hapo huachilia joto karibu mara tisa ya hilo.

Harufu ya breki zilizopata moto ni kali na huchoma pua. Inapozidi, moshi mwepesi huonekana kwenye rimu. Kinachofuata huja kwa njia mbili, na ni muhimu kuzitofautisha. Njia ya kwanza ni pedi kupoteza mshiko: gundi inayoshikilia vumbi la pedi huanza kutoa gesi, kanyagio hubaki gumu chini ya mguu, lakini gari halipunguzi mwendo. Njia ya pili ni mafuta ya breki kuchemka. Mapovu hujitokeza ndani ya mabomba, na kanyagio hulainika na kuzama hadi chini. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 chini ya nyuzi 230. Hata hivyo mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa polepole. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Hii ndiyo sababu mafundi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama chupa bado imejaa.

Dawa ya kwanza ya breki za moto ni gia. Gari lishuke bonde kwa gia ambayo lingeitumia kulipanda, na gia hiyo iingizwe kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake. Injini ndiyo italizuia gari, na breki zitumike kwa kukanyagwa kwa nguvu kwa muda mfupi kisha kuachiliwa zipoe, badala ya kukanyagwa kidogo kidogo mfululizo kutoka kileleni hadi darajani. Gari la otomatiki nalo lina gia za chini, zinazoandikwa L, 2 au 3 kwenye mkono wa gia, na kazi yake ni hiyo hiyo.

Tabia ya kuachilia gari kwa nyutro, au kuzima injini kabisa ili kuokoa mafuta, ni hatari na haina faida. Injini za kisasa zinazodhibitiwa kwa kompyuta hukata petroli zenyewe gari linaposhuka likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya kanyagio la mafuta, ilhali kwenye nyutro hulazimika kuendelea kuchoma mafuta ili zisizimike. Injini ikizimwa, kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki hubaki na nguvu ya mikanyago michache tu, kisha kanyagio huwa gumu kama jiwe. Usukani pia huwa mzito.

Harufu ya breki ikitokea kwenye barabara tambarare, kwa mfano kati ya Embu na Mwea, maana yake ni nyingine: kuna breki iliyong'ang'ania. Kwanza itazamwe handibreki, kwani kuisahau ikiwa imevutwa nusu ni jambo la kawaida. Kama imeshushwa, dereva asimame mahali salama na kusogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa na moto kuliko mwenzake wa ekseli hiyo, tatizo liko hapo. Mara nyingi pistoni ya kalipa imeshika kutu, pini zake zimekauka grisi, bomba la mpira limeziba kwa ndani, au kebo ya handibreki hairudi. Beringi ya gurudumu iliyokufa pia huleta joto upande mmoja, lakini yenyewe huvuma kadiri mwendo unavyoongezeka. Dalili nyingine ni gari kuvuta upande mmoja na petroli kwisha haraka.

Matengenezo ya breki iliyong'ang'ania hayaishii kwenye kubadilisha pedi. Kalipa hufunguliwa, pini zikasafishwa na kupakwa grisi inayostahimili joto, raba za pistoni zikabadilishwa au kalipa nzima ikawekwa nyingine. Pedi zilizong'aa kama kioo kwa sababu ya moto hutupwa, na hubadilishwa pande zote mbili za ekseli ili gari lisivute. Mafuta ya breki yaliyopata moto nayo hutolewa yote.

Klachi: harufu ya mlimani

Harufu ya klachi inafanana na ya breki kiasi cha kuchanganya, lakini hutokea gari likipanda, likiondoka kwenye mteremko, au likirudi nyuma na mzigo. Klachi huungua inaposhikwa nusunusu: dereva anabalansi gari mlimani kwa klachi na kanyagio la mafuta badala ya kuvuta handibreki, au anaegemeza mguu juu ya kanyagio safari nzima. Kwenye foleni za kupanda za mjini Meru, au nyuma ya lori linalojikokota kutoka darajani Nithi, dakika chache za mtindo huo zinatosha kuujaza moshi ndani ya gari.

Klachi inayoteleza hujulikana hivi: sauti ya injini hupanda, lakini mwendo hauongezeki. Ili kuhakikisha, gari husimamishwa mahali tambarare pasipo na watu mbele, handibreki ikavutwa kabisa na breki ya mguu ikashikiliwa, gia ya tatu ikaingizwa na klachi ikaachiliwa taratibu. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kunguruma, klachi imekwisha. Jaribio hilo lifanywe mara moja tu, kwa sababu nalo huichosha.

Kama harufu ilitokea mara moja baada ya kupanda kwa shida na ikaisha gari lilipopumzishwa, huenda hakuna kilichoharibika. Ikirudi kila mlima, sahani ya klachi, presha pleti na beringi yake hubadilishwa kwa pamoja, kwa kuwa kazi kubwa ni kushusha gia boksi na hakuna faida ya kuishusha mara mbili. Fundi akague pia kama oili inavuja kutoka nyuma ya injini na kulowesha sahani. Sili isipobadilishwa, klachi mpya itateleza kama ya zamani.

Gari la otomatiki halina kanyagio la klachi, lakini mafuta ya gia boksi yake yakipata moto hunuka kama mkate ulioungua, na yakitazamwa kwenye kijiti huwa meusi badala ya mekundu. Hayo ni matokeo ya mzigo mzito mlimani, mafuta kupungua au kupitwa na wakati. Kuyabadilisha mapema kunaweza kuiokoa gia boksi ambayo kuitengeneza ni ghali kuliko karibu kipuri kingine chochote.

Oili na maji ya kupoza

Oili ya injini inayodondokea ekzosi hutoa harufu nzito kama mafuta ya kupikia yaliyosahauliwa jikoni, pamoja na moshi wa rangi ya samawati unaotoka pembeni mwa boneti. Mara nyingi harufu huzidi gari linaposimama baada ya safari, kwa sababu upepo uliokuwa ukiipeperusha umekoma. Chanzo kinachoongoza ni gasketi ya kifuniko cha tapeti, ambayo hukauka na kupasuka kadiri gari linavyozeeka. Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane, na mengi huendelea kutumika kwa miaka mingi baada ya hapo, kwa hiyo raba na gasketi zilizochoka ni jambo la kutarajiwa. Vyanzo vingine ni chujio la oili lisilokazwa sawasawa na oili iliyomwagika wakati wa kuongeza. Hii ya mwisho huungua na kuisha yenyewe baada ya safari fupi.

Uchunguzi huanza kwa kupima oili kwa kijiti injini ikiwa imepoa. Baadaye injini huoshwa mafuta yote ya zamani, gari likaendeshwa kidogo, kisha likatazamwa kwa tochi mahali oili mpya inapoanzia. Bila kuosha, haiwezekani kujua, kwani oili hutiririka na kusambazwa na upepo hadi mbali na tundu lake.

Maji ya kupoza injini, yaani kulanti, yana harufu ya utamu kama shira. Harufu hiyo ikiingia ndani ya gari, huku vioo vikipata ukungu wenye mafuta, radieta ndogo ya hita inavuja. Ikitoka mbele pamoja na mvuke na sindano ya joto ikipanda, injini inachemka. Kimo cha nchi kinahusika hapa. Katika usawa wa mita 1,500, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na kadiri gari linavyoelekea Timau kiwango hicho huzidi kushuka. Kofia ya radieta ndiyo huzuia jambo hilo kwa kuyaweka maji chini ya shinikizo. Kofia iliyolegea raba, ambayo ni kipuri cha bei ndogo, inaweza kusababisha gari lichemke Meru ilhali lingefika Mombasa bila tatizo.

Injini ikianza kuchemka, kiyoyozi kizimwe, hita iwashwe hadi mwisho ili kuondoa joto, na gari lisimamishwe mapema iwezekanavyo. Kofia ya radieta isifunguliwe hadi injini ipoe kabisa, hata ikichukua nusu saa au zaidi, kwa sababu maji hufoka na kuunguza uso na mikono. Maji ya mtoni yanaweza kumfikisha mtu kwenye gereji, lakini yakiachwa humo huleta kutu na kuziba radieta. Baada ya hapo kulanti inayofaa irudishwe, na thamostati, pampu ya maji na feni vikaguliwe.

Mpira na mkanda

Harufu ya mpira ulioungua hutoka kwenye mkanda wa injini, kwenye bomba lililogusa ekzosi, au kwenye tairi. Mkanda ukiteleza hupiga kelele kali kwanza. Mara nyingi kosa halimo kwenye mkanda wenyewe bali kwenye beringi ya altaneta, pampu au kompresa ya kiyoyozi iliyokwama. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, mkanda hutolewa na kila puli ikazungushwa kwa mkono. Ile inayokwaruza ndiyo yenye tatizo. Mkanda ukikatika, altaneta huacha kuchaji, na katika magari mengi pampu ya maji nayo husimama.

Tairi huungua linapokosa upepo wa kutosha au linapobeba kupita uwezo wake, kwa kuwa ubavu wake hukunjika na kukunjuka kwa kila mzunguko na kujizalishia joto. Pikapu za miraa zinazotoka Maua zikienda kasi, na malori ya ndizi kutoka Imenti, yako katika hatari hii zaidi. Gari lililoshuka springi kwa mzigo linaweza pia kusugua tairi kwenye bodi kila likipita tuta. Kwenye malori yenye tairi pacha, moja likiisha upepo huendelea kuburutwa na mwenzake hadi kushika moto, na dereva hana habari. Kwa hiyo harufu ya mpira kwenye lori ni sababu ya kusimama na kugonga kila tairi.

Umeme: harufu isiyosubiri

Waya unaoungua hutoa harufu kali ya plastiki, wakati mwingine ikielekea ya samaki. Hii ndiyo harufu ambayo haimpi dereva nafasi ya kufika kituo kinachofuata, kwa sababu kati ya plastiki kuyeyuka na mwali kuwaka kunaweza kupita dakika chache tu.

Nyingi za hitilafu hizi hutengenezwa na binadamu. Taa mbili za wati 55 kila moja zikiunganishwa kwenye betri ya volti 12 huvuta zaidi ya ampea tisa. Zikipachikwa kwenye waya mwembamba uliokusudiwa taa ya ndani, waya huo hugeuka hita. Fyuzi ingepaswa kukatika na kuukinga waya, lakini ikikatika mara mbili tatu wako wanaoweka fyuzi kubwa zaidi au kuunganisha kwa kipande cha waya. Kuanzia hapo, kinachokatika ni waya wenyewe ndani ya dashibodi. Spika kubwa na taa za mapambo za matatu zinahitaji waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri, wenye fyuzi yake karibu na betri na relei yake.

Harufu ya umeme ikisikika, kila kilichowashwa kizimwe, gari lisimamishwe, swichi izimwe, na waya wa hasi wa betri utolewe kama boneti haitoi moshi. Spana ya namba 10 inayokaa ndani ya gari hutosha kwa magari mengi ya Kijapani. Harufu ya mayai yaliyooza ikitoka upande wa betri huashiria kwamba altaneta inachaji kupita kiasi. Injini ikiwa inanguruma, kipimo kwenye betri kinapaswa kuwa kati ya volti 13.5 na 14.7 hivi.

Taka kwenye ekzosi

Si kila harufu ni hitilafu. Gunia la nailoni, majani ya migomba au kitambaa kilichookotwa barabarani huweza kunasa kwenye ekzosi na kuungua kwa kilomita kadhaa. Panya nao hujenga viota vya nyasi juu ya injini ya gari lililolala siku nyingi nje. Katika nyanda kavu za Mbeere, pande za Kiritiri na Siakago, gari lisiegeshwe juu ya nyasi ndefu zilizokauka, kwani kifaa cha kusafishia moshi chini ya gari huwa na joto la mamia ya nyuzi. Pedi au klachi mpya hunuka kidogo siku za mwanzo. Magari ya dizeli yenye kichujio cha masizi nayo hutoa harufu ya moto yanapojisafisha. Ili kujua kama harufu inatoka nje, hewa ya gari ifungwe izunguke ndani: harufu ikipungua, chanzo huenda ni nje au chini ya boneti, hata lori lililo mbele. Ikibaki, dereva atazame chini ya dashibodi na viti.

Kusimama salama

Hatua za dharura ni zile zile kwa harufu zote. Dereva awashe taa za tahadhari, atafute mahali tambarare nje ya barabara, mbali na kona na daraja, na aweke pembetatu za tahadhari. Breki zikiwa na moto, handibreki isivutwe. Gari lizuiwe kwa gia na mawe, na mawe hayo yaondolewe barabarani wakati wa kuondoka, kwa kuwa jiwe lililoachwa huua mwendesha bodaboda wa usiku. Maji yasimwagiwe diski au ngoma ya moto, kwani hupasuka.

Moshi ukitoka chini ya boneti, abiria wote washuke na kusogea mbali kwanza. Boneti isifunguliwe wazi, maana hewa inayoingia hulisha moto. Dawa ya kizimamoto ipulizwe kupitia upenyo mdogo. Harufu ya petroli mbichi ikichanganyika na ya kuungua, injini izimwe papo hapo na watu waondoke. Namba za dharura ni 999 na 112.

Gereji na kinga

Gereji za jua kali zina mafundi wengi hodari, na mteja huwasaidia kwa kueleza harufu ilianza wapi, gari likifanya nini, na ilidumu muda gani. Fundi aombwe kuliendesha gari mwenyewe kwenye mteremko kabla na baada ya matengenezo, na vipuri vya zamani vionyeshwe. Pedi za breki zinunuliwe kwa muuzaji anayetoa risiti, kwa sababu Kenya ina tatizo la vipuri ghushi, na mwaka 2008 ilitunga sheria mahususi ya kupambana na bidhaa za namna hiyo. Pedi bandia hubomoka mteremkoni hata kama ziliwekwa juzi.

Kabla ya kutoka Embu au Meru, dakika kumi zinatosha kutazama oili, kulanti, mafuta ya breki, mkanda na upepo wa tairi, na kukanyaga breki mara kadhaa kuona kama kanyagio linashika juu. Gari likishapita bonde la kwanza, dereva afungue kioo kidogo na kunusa. Breki zenye kasoro zitakuwa zimeanza kunuka, na bado mabonde mengine yatakuwa mbele yake, hivyo huo ndio wakati wa kusimama na kukagua.